Jina la Wavinya

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo jioni, Septemba 1998, Khalayi alipolaza gazeti la mwisho la siku hiyo juu ya kioo cha skana. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, Shauri Moyo. Gazeti lilikuwa la mwaka 1958, moja ya yale magazeti madogo ya mitaa, karatasi imegeuka rangi ya chai. Kazi yake ilikuwa kuingiza kila ukurasa kwenye kompyuta, kisha kuchapa majina yote yaliyomo, ili watu waweze kuwatafuta wazee wao waliopotelea Nairobi.

Mkubwa wake, Bwana Mulwa, alikuwa na sharti moja tu. "Andika kama walivyoandika. Hata kosa, liache liwe kosa."

Taa ya skana ikatambaa. Ukurasa wa vifo ukatokea.

"Wavinya, wa Shauri Moyo, amefariki. Alikutwa kitandani, kinywa kimejaa udongo."

Khalayi alisoma mara mbili. Akachapa: Wavinya. Ndipo alipoisikia ile harufu... harufu ya udongo uliotoka kulowa. Na mvua haikuwa imenyesha tangu Juni.

"Hodi."

Mwanamke mzee alikuwa amekwisha kusimama ndani. Leso kichwani, miguu mitupu. Mlango Khalayi alikuwa ameukomea kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, tumefunga," alisema.

"Sikai. Nimefuata jina langu." Mzee akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Wavinya ni mimi. Sikufa. Walikosea."

"Sasa aliyekufa alikuwa nani?"

"Sijui. Mimi nilikuwa nimeenda kwetu Machakos. Niliporudi walikuwa wamekwisha kunilia. Mume wangu akanifungia mlango. Wanangu wakanikimbia wakipiga mayowe. Miaka arobaini nabisha hodi, mwanangu... na hakuna anayenisikia."

Khalayi alimwonea huruma. Akasema anaweza kulifuta.

"Kufuta hakutoshi. Kifo hakikai bila jina. Andika lingine."

"Lipi?"

"Lolote. Chagua wewe."

Mtu mwingine angecheka. Khalayi hakucheka. Alifikiria nyumbani kwake Mbotela, na mama mkwe wake, Mideva, aliyekuja Pasaka kutibiwa magoti na hakuondoka tena. Asubuhi ile ile Mideva alikuwa amemwambia mwanawe, Mulama, kikombe cha chai alichopikiwa na Khalayi kikiwa mkononi: "Mke wa mtoto mmoja, tena msichana, ni jiko la mawe mawili. Halishiki sufuria." Na Mulama, mume wake wa ndoa, akacheka.

Ni jina tu, alijiambia. Lakini moyo ulijua.

Akafuta. Akachapa herufi moja moja.

Mideva.

Mzee akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Umeandika ukijua?" alinong'ona.

"Nikijua."

"Vizuri. Asiyejua, mkono wake haufai."

Khalayi aligeuka kuzima kompyuta. Alipotazama tena, chumba kilikuwa kitupu. Komeo lilikuwa mahali pake.

Alitembea haraka hadi Mbotela. Ni aibu kulisema, lakini njia nzima alikuwa akipanga. Gauni la kuvaa matangani. Namna ya kulia, si kidogo sana, si kupita kiasi. Kitanda alichokuwa akilalia Mideva kitarudi kuwa chake.

Karibu na bomba la maji akasikia kilio kikitoka nyumbani kwake. Akajitwika mikono kichwani, naye akaanza kulia, vilevile kama alivyopanga.

Kisha mama mkwe akatoka mlangoni.

Mzima. Wima juu ya magoti yake mabovu.

Triza, binti wa pekee wa Khalayi, wa miaka sita, alikuwa kitandani, bado amevaa sare ya shule. Alirudi mchana akasema ana usingizi. Majirani walikuwa wakimtoa udongo kinywani kwa kijiko. Udongo mwekundu, mbichi. Wakitoa, mwingine upo... Wakitoa, mwingine upo.

"Mideva wangu!" mama mkwe alilia. "Mideva wangu mdogo!"

Khalayi akamgeukia. "Umemwitaje?"

"Usinikasirikie leo, mwanangu. Alipozaliwa alilia siku tatu, titi hataki, unakumbuka? Nikajua anataka jina. Wewe ulipolala, nikamnong'oneza langu sikioni. Akanyamaza palepale. Sikukwambia, kwa kuwa nilijua hunipendi."

Walimzika Triza Alhamisi. Ijumaa Khalayi alikuwa ofisini kabla ya kucha, akifuta, akichapa jina la Wavinya, akichapa lake mwenyewe, akigonga vitufe mpaka kucha zikapasuka. Bwana Mulwa alimkuta hivyo. Akalichukua gazeti lenyewe, akalisogeza dirishani, akalisoma kwa sauti.

"Mideva, wa Mbotela, mtoto wa miaka sita, amefariki."

Wino wa mwaka 1958, umefifia kama herufi nyingine zote.

"Unafuta nini?" Mulwa aliuliza kwa upole. "Si uliandika sawasawa?"

Jumamosi iliyofuata, mchana kweupe, mama mkwe aliomba kupelekwa soko la Jericho. Tangu msiba hakumwachia Khalayi mkono. Alimwita mwanangu kila mara. Alisema Mungu amewaacha wawili ili wapendane. Walisimama kwa Mbeti, muuza omena, dagaa wa ziwani.

Mteja aliyekuwa mbele yao aligeuka. Leso kichwani. Viatu vipya miguuni. Mzee mmoja alikuwa amemshika kiwiko, na nyuma yao wanaume wawili wa makamo, waliofanana naye, walimbebea vikapu.

"Unamjua Mama Wavinya?" Mbeti aliuliza. "Ni mteja wangu tangu nianze kuuza hapa."

Mwanamke yule akamtazama Khalayi, akatabasamu. Hakuwa na harufu yoyote sasa.

"Habari ya nyumbani, mwanangu?"

Khalayi alitazama viatu vile vipya.

Mideva akamfinya mkono, taratibu, kwa mapenzi. "Mjibu mama," alimnong'oneza. "Ni adabu."

"Nzuri," alisema Khalayi.