Kijiti cha Gari la Mwisho

SAA KUMI NA MBILI NA NUSU ASUBUHI

Kinyozi alifunga mlango wa mbele na kuteremsha pazia la chumba cha nyuma. Nje, ukutani, kulikuwa na alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu. Barabara mpya ilitaka kupita hapo. Mwisho wa mwezi katapila lingekuja, na kibanda kingelala chini pamoja na viti vyake.

Watu watatu walizunguka meza. Chumba kilinuka spiriti.

Kinyozi ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mtu mwembamba, mwenye mkono usiotetemeka. Aliweza kupitisha wembe kooni mwa mteja huku akipiga chafya. Bonge alikuwa na mwili kama kabati. Kazi yake ilikuwa kuvunja na kushika bastola. Wa tatu alikuwa Klachi, dereva. Mke wa Kinyozi alikuwa dada yake Klachi, tumbo moja.

"Kuingia kwa sonara si kazi," Kinyozi alisema. "Anafungua saa mbili. Mlinzi wa usiku ameondoka, wa mchana hajafika. Kazi ni kutoka mjini na kurudi huku kwetu, upande huu wa mlima."

Akaweka chanuo mezani. "Barabara ya zamani."

"Wameichimbua kulaza mabomba," Klachi alisema. "Gari linaingia, halitoki."

Akaweka wembe. "Ya reli."

"Malori yote yamehamia huko. Juzi moja limelala topeni mpaka jua likazama. Na askari wanajua ndiyo njia ya mkato. Watatungoja hapo na mikono wametukunjulia."

Kinyozi akabaki na kopo la poda mkononi. Hakuliweka.

"Imebaki barabara kuu," Bonge alisema, akacheka. "Tukaibe, kisha tukapange foleni ya ujenzi? Tununue na karanga kabisa?"

"Ndiyo," Klachi alisema. "Foleni."

Kicheko cha Bonge kikakatika.

Klachi alikuwa amewahi kuendesha lori la maji la kampuni ya ujenzi, mpaka walipompunguza. Alichukua kopo mkononi mwa shemeji yake, akaliweka katikati ya meza.

"Pale mlimani wameacha njia ya gari moja tu. Kushoto ukuta wa udongo, kulia korongo. Magari yanapita kwa zamu. Simu hazishiki mle, mshika kibao hakubali kuamini simu ya mtu, na redio za kampuni zilikufa zamani. Basi mshika kibao wa upande wa mjini akifunga, anampa dereva wa gari la mwisho kijiti. Kijiti kikifika ng'ambo, upande wetu huu, mwenzake anajua njia ni tupu, anawaachia wa kwake. Kisipofika, hafungui. Hata umletee waziri."

"Na sisi?"

"Sisi ndio gari la mwisho. Katikati kuna njia ya kupanda kwenye machimbo ya kokoto. Yameachwa. Tunapinda hapo, kijiti tunacho. Ng'ambo wanatungoja sisi. Mjini wanangoja wale wa ng'ambo. Askari akija nyuma yetu haingii, anaogopa kukutana na malori uso kwa uso mahali pasipo pa kupishana. Barabara nzima inakufa. Juu nimeshaegesha lori la mchanga. Tunashukia nyuma ya mlima, tumekwenda."

Kinyozi alilisogeza kopo la poda kwa kidole.

"Shemeji," alisema, "kumbe siku zote unanyamaza ukiwa na maneno."

Pazia likafunguliwa. Mke wa Kinyozi aliingia na birika, tumbo limemtangulia, miguu imevimba mpaka kandambili zimeachama. Wote wakafunga midomo.

"Mbona kimya? Kuna maiti?"

"Tunamwombea mtoto, shemeji," Bonge alisema.

"Mwombeeni na sukari. Imekwisha."

"Mimi sidai sukari," Bonge alisema. "Nilizaliwa ndani ya lori, tangu siku hiyo nakula chochote."

Mama mtarajiwa alicheka kidogo, akashika kiuno. Mkunga alikuwa amemwambia wazi: mtoto amekaa mkingamo. Uchungu ukianza tu, asingoje, apelekwe hospitali kubwa ya mjini, ng'ambo ya mlima, apasuliwe. Wa kwanza alimpoteza kwa kungoja. Wa pili angeondoka na mama yake.

"Bado wiki mbili," Kinyozi alisema, kana kwamba ameulizwa.

Klachi alipotoka kuwasha gari, dada yake alimshika shati mlangoni. Huyu ndiye aliyeacha shule mama yao alipofariki, akamlea. Alimwogesha, akamfundisha kufunga kamba za viatu, akamlipia leseni ya udereva kwa kuuza cherehani yake.

"Mdogo wangu, unamwendesha wapi mume wangu?"

"Kazini."

"Kazi gani ya watu watatu, na hakuna anayecheka kwa moyo?"

Klachi alitoa ufunguo wa gari mfukoni.

"Mrudishe," dada alisema. "Na wewe urudi. Sina mwingine."

SAA MBILI NA ROBO

Kioo kilipasuka. King'ora cha duka kikaanza kulia. Risasi moja, kisha mtu akapiga ukelele. Klachi hakugeuka. Aliwaza dari. Alijilazimisha kuwaza kwamba Bonge alipiga dari.

Milango ikafunguka. Begi likatupwa kiti cha nyuma, zito, likilia kama minyororo.

"Umempiga mtu?"

"Dari," Bonge alisema akihema. "Kanyaga!"

"Nikikanyaga tutaonekana."

Aliendesha kama mtu anayepeleka nguo kwa dobi. Alisimama kwenye taa nyekundu. Alimpisha mama mwenye kikapu. Kinyozi aliuma meno. Gari lilikuwa la Klachi sasa. Katika genge zima, aliyejua usukani alikuwa yeye peke yake.

SAA TATU KASORO DAKIKA TANO

Vumbi lilianza kuonekana kabla ya mlima. Mapipa mekundu. Greda limelala pembeni. Foleni ilikuwa inakwenda. Kibao kilionyesha PITA.

Klachi akaegesha kando, akafungua boneti.

"Unafanya nini wewe?" Kinyozi alinong'ona.

"Tukiingia sasa, tutakuwa gari la katikati."

Alisimama ameinamia injini isiyo na kasoro, jasho likimtiririka. Mabasi yalipita. Malori ya saruji yalipita. Huko nyuma, mbali, kilisikika kilio chembamba cha gari la polisi. Bonge akafungua mlango.

"Kaa," Klachi alisema bila kuinua kichwa.

Mshika kibao alitazama saa. Akainama, akaokota kitu kando ya pipa. Klachi akabamiza boneti, akaingia, akaondoa gari. Alifika mkono wa mshika kibao ukiwa tayari umeinuka.

"Wewe ndiye wa mwisho," kijana yule wa kazi alisema. Alikuwa mgeni kazini, hakumjua Klachi. Akapitisha dirishani kijiti kilichopakwa rangi nyekundu na nyeupe. "Mpe mwenzangu mkononi. Usimrushie, usimwekee chini. Mkononi."

"Mkononi," Klachi alijibu.

Kibao kikageuka nyuma yao: SIMAMA.

Mle mlimani njia ilikuwa nyembamba. Ukuta wa udongo huku, utupu kule. Kilio cha polisi kilifika kwenye mapipa, kikasimama hapo hapo. Hakikuwafuata. Bonge alianza kucheka, akachukua kijiti akajikuna mgongo.

"Kijiti! Naapa, sijawahi kuona. Polisi na bunduki zao wamezuiwa na kijiti!"

Hata Kinyozi alitabasamu.

SAA TATU NA DAKIKA ISHIRINI

Lori la mchanga lilikuwa pale pale kwenye machimbo. Upepo ulivuma juu ya dimbwi la maji ya kijani. Bonge alihamisha begi. Klachi alikuwa anamimina dizeli simu ya Kinyozi ilipolia. Huku juu simu zilishika.

Kinyozi alisogea pembeni. Alisikiliza. Mgongo wake ulikakamaa.

"Vumilia," alisema. "Watafungua tu. Vumilia." Akakata, kisha akaizima kabisa.

"Nani?" Klachi aliuliza.

"Mteja. Anataka kunyolewa."

Ndipo simu ya Klachi ikalia.

"Mdogo wangu." Sauti ya dada ilikuwa imebanwa na meno. "Mume wangu amenikatia. Chupa imepasuka. Niko kwenye teksi na jirani, hapa mlimani, wamefunga. Tumekaa, tumekaa. Mshika kibao anasema anangoja kijiti. Kijiti gani? Nyuma magari yamejaa, hatuwezi hata kugeuza. Na askari wamekuja wamesimama tu." Ikasikika pumzi, halafu kilio ambacho hakuwahi kukisikia kwa dada yake tangu azaliwe. "Wewe ulifanya kazi hapa. Waambie. Waambie, mdogo wangu."

Dizeli ilimwagika kwenye viatu vyake. Hakuihisi.

Aliweka simu mfukoni, akamtazama shemeji yake.

"Mteja," alisema.

"Nisikilize."

"Ni mkeo, yule."

"Nisikilize kwanza!" Kinyozi alimkamata mabega kwa mikono miwili. "Unadhani sikumsikia? Unadhani sina moyo? Duka linabomolewa. Mtoto akizaliwa nitamlaza wapi, kwenye kokoto? Begi lile ni lake! Kila kilichomo ni chake! Tukishuka upande wa pili tutapiga simu, watafungua."

"Umpigie nani? Mshika kibao haamini simu. Anangoja hiki." Klachi aliingiza mkono ndani ya gari dogo, akatoa kijiti. "Mpango ni wangu. Nimeufunga mlima kwa mkono wangu, nikamfungia yeye."

"Kule kuna askari. Ukienda hurudi."

"Najua."

"Na sisi tutatokaje? Nani ataendesha lori?"

Klachi aliingia kwenye gari dogo.

"Bonge! Mzuie!"

Bonge alikuwa amesimama mbele ya gari, bastola mkononi, mwili wote umeziba njia. Klachi aliwasha injini. Walitazamana kupitia kioo.

"Alisema nini?" Bonge aliuliza.

"Chupa imepasuka. Wako foleni."

Utani wote ulikuwa umemtoka Bonge usoni.

"Mimi nilizaliwa ndani ya lori," alisema. "Foleni kama hiyo. Mama yangu hakushuka akiwa hai."

Akasogea kando. Kabati zima likafunguka.

Kinyozi alimrukia, akampokonya bastola. Gari lilikuwa limeanza kuteremka. Alipiga mara moja. Mkono ule usiotetemeka ulitetemeka, risasi ikagonga mwamba. Akapiga tena. Kioo cha nyuma kikamwagika, na kitu kama ngumi ya moto kikaingia mgongoni mwa dereva, kupitia kiti.

Klachi hakusimama.

Juu, Kinyozi alipanda kwenye lori la mchanga akiwa na begi mapajani. Aliwasha. Likaruka hatua moja, likazima. Akawasha tena, likazima. Bonge alikaa juu ya jiwe, mgongo amempa, akitazama maji ya kijani.

SAA TATU NA DAKIKA THELATHINI NA NANE

Njia ya mlimani ni ya gari moja. Hiyo ilimsaidia. Hapakuwa na mahali pengine pa kwenda ila mbele. Shati lilikuwa limegandamana na kiti. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, akabadili gia kwa kuegemea. Kila shimo lilimtoa roho na kuirudisha.

Askari wanne walikuwa nyuma ya mapipa ya ng'ambo, upande wa nyumbani, bunduki zimeinuliwa.

"Simama! Toa mikono nje!"

Alisimama. Alitoa mkono mmoja. Ndani yake kulikuwa na kijiti.

"Tupa chini hicho!"

"Si cha kutupa," Klachi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Mkononi. Yuko wapi mshika kibao?"

Mshika kibao alikuwa mzee mwenye kizibao cha njano kilichochanika begani. Alimtazama askari, akatazama kijiti, akaona damu inayodondoka kutoka kwenye kiwiko. Akapita katikati ya bunduki kana kwamba ni nguo zilizoanikwa kambani. Akapokea.

"Umechelewa," alisema.

"Njia ni tupu, mzee. Wafungulie."

Mzee aligeuza kibao. PITA.

"Weka gari pembeni!" askari mmoja alifoka. "Funga hiyo barabara! Wenzake wako wapi?"

"Kijiti kimefika," mzee alisema. "Nikishapokea, nafungua."

Injini ziliwaka moja baada ya nyingine, foleni nzima. Wakamtoa Klachi, wakamlaza juu ya kokoto, wakamfunga pingu. Shavu lake lilikuwa chini, usawa wa magurudumu. Basi likapita. Lori la mbao likapita. Halafu teksi nyeupe, taa zote zikiwaka, honi imegandamizwa bila kuachiwa. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na mkono wa mwanamke ulikuwa umeshikilia ukingo wake, vidole vimekaza. Hakuona uso. Aliujua mkono.

Vumbi likamfunika. Alisikiliza mpaka honi ikaingia ndani ya mlima, ikadidimia, ikapotea. Haikusimama popote.

Askari alipiga goti kando yake, akaweka kitambaa mgongoni mwake na kukandamiza.

"Mlikuwa mmeshatupotea," alisema, kwa mshangao zaidi kuliko hasira. "Nani aliyekurudisha, wewe?"

Klachi alifumba macho.

"Sikurudishwa," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho."