Fimbo ya Nahodha Theopista

Asubuhi ile, kama kila asubuhi, wanafunzi wa shule moja ya Makanyagio walikimbia mchakamchaka kabla jua halijapanda. Mbele walikimbia waimbaji. Nyuma kabisa alikimbia Theopista wa darasa la saba, na fimbo yake ya mpera mkononi. Aliyelegea alijua kilichokuwa kinamfuata. Miaka hiyo ya sabini kila shule ilikuwa na shamba, na Theopista ndiye aliyekuwa kiranja wa shamba. Kila mtoto alipimiwa ngwe yake, yaani kipande chake cha kulima. Theopista alimaliza yake mapema, kisha akapita akiwachapa waliochelewa.

Kwa bidii hiyo Mwalimu Natalia alimchagua kuwa nahodha wa netiboli. Masikini, msichana akadhani kuongoza timu ni sawa na kusimamia ngwe! Akaingia uwanjani na fimbo ileile. Ukidondosha mpira, ya miguuni. Ukikosa goli, ya mgongoni. Mwalimu akitokea, fimbo ilitupwa majanini na wasichana wote wakawa mabubu.

Siku moja kabla ya mechi na shule ya Ilembo, Marsela, mfungaji wao mdogo, alikosa goli la wazi.

"Lete mkono!"

"Dada Theo, nisamehe. Kesho tunacheza!"

"Ndiyo maana nataka ukumbuke. Lete!"

Fimbo ilitua kwenye vifundo vya vidole. Marsela aliuma meno huku machozi yakimtiririka. Helena, mlinzi wa timu, alitazama pembeni, roho ikimuuma.

Mechi ilipoanza, Marsela alipokea mpira wa kwanza na kuurudisha nyuma upesi kama kaa la moto. Wa pili vivyo hivyo. Wenzake nao walitupiana mpira ovyo, kila mmoja akikwepa lawama. Hadi mapumziko, Ilembo walikuwa wamewaacha mbali.

Theopista alimfuata Marsela akamzaba kofi lililosikika hadi kwa watazamaji. Mtoto akaenda chini.

"Unatuuza!"

"Basi, inatosha!" Helena alifoka, na ngumi yake ikampata nahodha mdomoni.

Theopista alimrukia akamng'ata bega. Hapo timu nzima ikalipuka. Nywele zilivutwa, sare zikachanika, kucha zikachana mashavu. Kila aliyekuwa na alama ya fimbo mwilini alitafuta upenyo wa kumfikia nahodha wake. Mateke yalimwangukia mbavuni, na wasichana wa Ilembo wakashangilia kuliko walivyoshangilia magoli yao.

Filimbi ya Mwalimu Natalia ililia mara nyingi ndipo wakaachana. Theopista aliinuka, damu ikimchuruzika kidevuni, jino moja likicheza. Mwalimu alikuwa amemwinua Marsela, na sasa aliutazama mkono wake uliovimba.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Nilianguka, Mwalimu."

Mwalimu akawageukia wengine. Wote wakainamisha macho. Theopista aliupenda unahodha kuliko kitu chochote, na alijua kwamba akinyamaza huenda ukabaki wake. Lakini kumwona Marsela akimwongopea mwalimu kwa woga kulimtia aibu kubwa.

"Hakuanguka, Mwalimu," alisema. "Nilimpiga mimi. Nyie semeni ukweli tu. Nawapiga wote."

Mwalimu Natalia alikifungua kitambaa cha unahodha mkononi mwa Theopista.

"Kwenu Usevya watu wakilimiana, aliyemaliza ngwe yake mapema hufanya nini?"

"Humrudia aliyebaki nyuma, wakamaliza pamoja."

"Na wewe ulirudi na nini?"

"Na fimbo," Theopista alijibu, akaanza kulia.

Mwalimu alimfunga Helena kile kitambaa na kumpumzisha Marsela. Mchezo ulipoendelea, msichana mmoja alidondosha mpira. Mara moja akajikunyata na kufunika kichwa kwa mikono, akingoja kipigo. Theopista alimkimbilia.

"Usiogope, mdogo wangu. Ukipata tena, nitupie mimi. Nipo karibu."

Akapata tena, akatupa, wakafunga. Wakafunga lingine, na lingine. Mwisho walishindwa kwa goli moja tu.

Wakati wa kuondoka, Theopista alibaki nyuma na mwalimu wake.

"Nimeupoteza unahodha, Mwalimu."

"Umeupoteza, na hilo ni haki. Kila mmoja utamwomba radhi, na Marsela utamlimia ngwe yake mpaka apone. Mtu anayekuogopa hucheza ili asipigwe, hachezi ili mshinde. Anayekuamini hujaribu tena hata akikosea." Mwalimu Natalia alimfuta damu kidevuni kwa upole. "Nilikupa kitambaa mapema mno, kosa hilo ni langu. Lakini leo, baada ya kukuvua, ndipo nilipokuona unaongoza."