Ndiyo Aliyoibonyeza Bila Kusoma

Walikutana kwenye mapokezi ya hospitali, siku ambayo watu walijaa hadi mlangoni. Fundi wa seva alikuwa amepiga magoti chini ya meza akifuatilia waya. Muuguzi, gauni lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, akamkanyaga vidole.

"Maskini, kaka! Sikukuona."

"Sasa umeniona, yatosha."

Wakacheka. Tangu hapo simu hazikukoma.

Kisha muuguzi akapewa uhamisho wa kwenda mbali. Aliandika ombi la kubaki, kwa sababu ya fundi wake, akalituma kwa barua pepe ya hospitali siku ya mwisho ya kupokea maombi.

Asubuhi hiyohiyo fundi alikuwa akisasisha programu ya barua pepe. Programu ile haisimami peke yake. Inashikiliwa na vifurushi vidogo vya programu, kila kimoja na toleo lake, na kipya kilikuwa kimegombana na cha zamani. Kompyuta ikamwonyesha vitakavyoondolewa, ikamuuliza kama iendelee. Simu ilikuwa sikioni.

"Mpenzi, umevaa lile shati la bluu au unanidanganya?"

"Nimelivaa, malkia wangu," akajibu, akabonyeza ndiyo bila kusoma.

Barua zote zikakwama. Alipokirudisha kifurushi kilichoondoka, ombi la muuguzi lilitoka, lakini muda ulikuwa umeshapita. Aibu ikamshika, akaacha kupokea simu za muuguzi.

"Amenichoka," muuguzi alimwambia dada yake huku akifunga sanduku. "Si angesema tu?"

Jioni ya kuamkia safari, fundi akabisha hodi nyumbani kwao. Dada mtu alimfungulia bila salamu.

"Ombi lako lilichelewa kwa sababu yangu," fundi alimwambia muuguzi, bado amesimama. "Niliondoa kitu ambacho barua zilikihitaji. Sikusoma."

"Wewe? Unayesoma hata maandishi ya kwenye kiberiti? Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naongea na simu."

"Na nani?"

Fundi akainamisha kichwa. "Na wewe."

Muuguzi akakaa juu ya sanduku. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Uhamisho ningeuvumilia," alisema. "Kimya chako ndicho kilichonimaliza."

"Nisamehe, mpenzi. Nataka kukuoa. Niruhusu nikaonane na baba kabla hujaondoka."

Muuguzi akainuka kutoka kwenye sanduku.

"Basi langu linaondoka saa nne asubuhi. Njoo saa moja, tukupeleke kwake. Ila baba akikuuliza jambo, msikilize mpaka mwisho, ndipo useme ndiyo."