Majina Saba ya Kufungia Mafaili

Harufu ya ubani ndiyo iliyotangulia. Ilitoka kwenye kibodi ya kompyuta, saa nne asubuhi, madirisha wazi na upepo wa ziwa ukipeperusha karatasi, katika ofisi ambayo mkuu wake, Papa Isidore, hakutaka hata dawa ya mbu ya kuchoma. Sifa aliinama, akanusa vibonye, akajiambia ni mafuta ya nywele zake. Alijua anajidanganya. Harufu ile aliizoea tangu utotoni, chumbani mwa bibi yake.

Mwaka huo wa 2017 vita vya vijijini vilikuwa vimeujaza mji wa Kalemie watu waliokimbia na sufuria kichwani. Kazi ya ofisi hiyo ndogo ilikuwa kuwasikiliza. Sifa alirekodi sauti, akaandika kijiji, jina la aliyeuawa, jina la aliyeua. Walifika mashahidi mia mbili na kumi na wawili. Majaji wangezihitaji sauti hizo siku moja. Wauaji, ambao wengine walinunua dagaa soko moja na mashahidi, walizihitaji sasa hivi.

Kompyuta ingeweza kuibwa au kuchomwa wakati wowote, kwa hiyo nakala zilipaswa kupanda mtandaoni, kwenye hifadhi ya mbali. Shida ilikuwa kufuli la kuzifunga zisisikilizwe na wengine. Papa Isidore, mtu wa kurudia jambo mpaka uliote, aliweka matatu mezani. La kwanza lilikuwa la kampuni ya hifadhi yenyewe: rahisi, lakini kampuni nayo hubaki na ufunguo, na mwenye barua nzito ya serikali angeweza kuudai. La pili lilifunga sauti lakini likaacha majina ya mafaili nje, na jina la shahidi likionekana, umeficha nini? La tatu lilifunga kila kitu humo humo ofisini kabla hakijapanda, majina na yote. Ufunguo wake ulikuwa maneno unayochagua mwenyewe, na ukiyasahau, hata walioitengeneza programu hawana la kukusaidia.

Wakachukua la tatu. Papa Isidore akamwachia Sifa kuchagua maneno, akaagiza yawe mengi, yasiwemo kitabuni, yasiandikwe popote pengine, na wayajue watu wawili.

Hapo Sifa akakosea, na kosa lenyewe lisingemjia mtu asiyezaliwa nyumba yao. Babu wa babu yake alivuka ziwa kutoka Ujiji na biashara ya chumvi, akavuka pia na jini wa ukoo. Jini huyo ana majina saba, lake na ya baba zake sita, na huja yakitimia yote, kwa ubani, mwitaji akiwa na haja ya kumtuma. Bibi alipokuwa akikata roho alimnong'oneza Sifa majina hayo, kwa kuwa nyumba haikubakiwa na mwingine. Maneno saba, hayamo kitabuni, na dunia nzima anayajua mtu mmoja! Sifa, na diploma yake ya informatiki, elimu ya kompyuta, alishaamua mambo ya bibi ni ya bibi. Akayafanya ufunguo. Aliyaandika kila asubuhi kufungua, na kila jioni kufunga. Hakumwambia Papa Isidore, kwa sababu majina yale hayatamkwi mbele ya mtu wa nje. Ajabu ya binadamu ndiyo hiyo: aliogopa kuyatamka, hakuogopa kuyaandika mara mbili kwa siku.

Baada ya ubani zikaja sauti. Alasiri moja, yuko peke yake, visikizio vilivyoning'inia msumarini, waya wake haujachomekwa popote, vilianza kusema. Sifa alisogea, akamsikia mzee aliyekuwa shahidi wa kwanza akieleza alivyofukia wanawe, kisha shahidi wa pili, kisha wa tatu, kwa mpangilio ule ule wa orodha, na nyuma yao pumzi ya mtu anayesikiliza, pumzi ndefu ya aliyeshiba, na kila jina lilipotajwa pumzi hiyo ililirudia polepole, silabi kwa silabi, kama mtoto anayejifunza kusoma, mpaka Sifa akakimbilia uani bila viatu na kubaki huko hadi mlinzi alipomkuta.

Wiki hiyo hiyo Mama Virginie, mjane wa Banza aliyeuawa, naye shahidi wa tisa, alikuja kwa miguu kutoka kambini. Alizungumza akiwa ameuziba mdomo nusu kwa kitenge.

"Kuna muntu alisimama inje ya hema yangu, muchana, jua kali. Aliniita na sauti ya bwana yangu."

"Alisema nini, Mama?"

"Yote yenye nilikuambia wewe. Na majina ya wale wenye walimuua. Majirani walisikia. Sifa, uliniambia umefunga."

Alikuwa amefunga. Jioni hiyo akaenda kwa Mwalimu Yassine, aliyemfundisha Kurani utotoni, akamweleza yote kwa sauti ya chini, bila kujitetea.

"Kila mara ulimuita, ulimupa haja gani?" mzee aliuliza.

"Sikumupa, Mwalimu."

"Basi alijitafutia kazi. Ulimufungulia vilio vya watu, njo sababu anavitembeza."

Alisema kombe la zafarani, aya zinazoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji ya kunywa, litamtoa jini huyo, lakini majina yake yamo ndani ya Sifa, na akitoka atatoka nayo. Sifa akamsihi amwache arudi ofisini mara moja tu, abadilishe ufunguo. Yassine akatikisa kichwa. Akiyaandika tena, kesho ataitwa shahidi mwingine, na safari hii huenda watakaosikia si majirani tu.

Sifa alifikiria sauti zote zile. Alimfikiria pia Virginie, ambaye yu hai. Akanywa.

Alikunywa siku tatu. Alitoka jasho lenye harufu ya ubani, akayatamka majina kinyumenyume, na kila lililotoka liliacha pengo kama jino lililong'olewa. La saba lilipotoka, kambini kukawa kimya.

Mwezi uliofuata wajumbe wa majaji walifika. Papa Isidore akasogeza kiti. "Andika kode ya kufungua, Sifa."

Aliweka vidole kwenye vibonye. Kinywani mlikuwa na ladha ya zafarani tu.

"Na muntu wa pili mwenye anajua njo nani?" Papa Isidore aliuliza. Kisha akavua miwani na kutazama ukuta. Wakamwendea Virginie asimulie upya. Alikataa. "Nilisema mara moja," alisema. "Sina ingine."

Siku ya kukabidhi ofisi, Sifa alifungua ukurasa wa hifadhi kwa mara ya mwisho. Mafaili yalipangika, majina yakiwa herufi zisizosomeka. Kila moja lilionyesha limefunguliwa jana, saa kumi na mbili jioni, saa aliyozoea kufunga. Aliyahesabu. Yalikuwa mia mbili na kumi na matatu, na la mwisho lilikuwa dogo, la dakika chache, tarehe yake ikiwa ya jioni ile aliyoungama kwa Yassine.

Ubani ukapanda kutoka kwenye vibonye. Kalemie nzima hakubaki mtu wa kuzifungua sauti zile. Aliyebaki nazo alizisikiliza kila jioni, na sasa alikuwa na ya Sifa pia.