Chanzo: Wazee wa Olmotonyi

"Mwizi mkubwa wewe! Toka kwenye grupu letu!"

Nilikuwa sokoni Ngaramtoni, nimemwaga viazi vyangu chini, simu inalia mfululizo...

Eti nimeiba hadithi za koko! Bibi yangu mwenyewe, Anyesi, aliyenilea Olmotonyi!

Hans, admini wa grupu letu la hadithi za kale, kaniandikia:

"Dada Nice, hadithi zako zote nne ziko kwenye tovuti ya Evaresta. Neno kwa neno, na yeye katangulia kuziweka. Ujieleze kabla ya saa kumi, la sivyo nakutoa."

Evaresta ni jirani yangu hapa Ngaramtoni, ninapopanga. Ana digrii, mimi nimeishia la saba. Nilikuwa nampelekea daftari anirekebishie maandishi kabla sijaposti...

Naye anaziweka kwake kwanza! Na chini anaandika: "Chanzo: wazee wa Olmotonyi."

Wazee gani?! Huko kwetu hajawahi kukanyaga!

Nilisikia kinyaa, wapendwa. Kama umekunywa nusu kikombe cha maziwa ndipo ukamwona nzi.

Nikampigia.

"Shosti, ile hadithi ya nne, ya zimwi, umeitoa wapi?"

"Mzee mmoja kanisimulia kwa mdomo wake."

"Zimwi la pembe moja?"

"Ndiyo, linaloogopa mwavuli mwekundu. Huu ni utafiti, mdogo wangu. We uza viazi."

Nilicheka mpaka mteja akanishangaa!

Maana hadithi tatu za kwanza alizichukua nikamtazama tu. Ya nne nikamtegea. Hakuna mzee anayelijua zimwi lile. Ni ng'ombe wa koko! Pembe ya pili aliivunjia kwenye mlango wa zizi.

Nikafunga viazi, nikapanda Olmotonyi kwa koko. Nikawasha kamera, nikafungua mwavuli mwekundu mbele ya ng'ombe...

Kamba ikakatika! Ng'ombe huyoo, kwenye mahindi ya watu!

"Hans, zimwi la Evaresta ndilo hilo. Linatoa lita tano za maziwa kwa siku."

Grupu zima lilikufa kwa kicheko. Evaresta, ambaye naye alikuwa humo, akatolewa kabla jua halijazama.

Mnadhani imeishia hapo? Hata mimi nilidhani hivyo.

Jumapili moja koko akarudi kutoka kanisani kanuna.

"Nice, watoto wananiuliza habari za zimwi la mwavuli. Wanasema limetoka kwangu. Nani kawaambia?"

Nikafungua simu. Kurasa tatu nisizozijua zimelinakili, nalo jina limo: "Kasimulia bibi Anyesi wa Olmotonyi."

Walilitoa kwenye posti yangu. Ili mtego usishtukiwe, chini niliandika jina la koko kama siku zote...

"Ni mimi, koko. Nilikuwa namtega mwizi."

 Akakaza kitenge chake kiunoni.

"Yule kachukua maneno yangu. Wewe umenitia mdomoni nisiyoyasema. Nikimsimulia mtu sasa, ataniamini?"



Huu ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Kila jioni nampelekea chai. Anakunywa, anashukuru, tunaongea habari za mvua, basi; hadithi hatoi tena. Daftari langu lina hadithi tatu za kweli, na koko alikuwa nazo nyingi mno.

Evaresta alinitia kinyaa. Siku hizi nikiikumbuka posti yangu mwenyewe nasikia kinyaa kilekile.

Ukitega mtego kwa jina la mtu, utamnasa na yeye.

Ya kwangu nimefuta. Wewe uliyenakili lile zimwi, futa. Nakuomba... koko bado yu hai.