Pori Alilogusa Odeta

"Nionyeshe alikozaliwa babu yako," Lyamba alisema, akiizungusha dunia kwenye kompyuta ya parokia.

Mwaka 1998, Mpanda. Padri alirudi kutoka likizo na CD yenye dunia nzima, ambayo juu yake unatandika ramani za enzi za Mjerumani. Lyamba, karani wake, hakubanduka hapo. Jumamosi wazee wake wangepeleka posa kwa kina Odeta, mchumba wake, na swali lao la kwanza linajulikana: asili yenu wapi?

Odeta aligusa kioo karibu na Kabungu. "Hapa."

Lyamba akatandika ramani ya zamani. Vijiji vya Wabende, wenyeji wa huko, vikajitokeza na majina yake. Alipogusa Odeta palikuwa pori tupu.

"Gusa tena."

Aligusa. Pori. Masikini, alikuwa amejizulia kijiji ili aolewe.

"Odeta, kwenu wapi?"

Machozi yakamtoka. Alichukua kipanya mwenyewe, akaisogeza dunia hadi Burundi, kwenye kijito chembamba kama uzi.

"Baba anapataja hapa kila tukila. Mimi nimezaliwa kambini Mishamo. Ni mkimbizi."

"Na shangazi yako wa Kabungu, uliyenipeleka kwake?"

"Nilimwomba anisaidie kudanganya."

Lyamba alikitazama kile kijito.

"Yule mzee wa maharage sokoni," Odeta aliendelea, "uliyemwambia, 'Mkimbizi, ondoa baiskeli yako hapa.' Ni baba yangu."

"Mbona hakukuita?"

"Aliniona nimekushika mkono. Akainama, akasukuma baiskeli. Na mimi nikaangalia pembeni."

Lyamba alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Jumamosi tunakwenda Mishamo," alisema hatimaye.

Siku hiyo, uani kwa mzee Leonidas, baba yake Odeta, Lyamba alipiga magoti kabla mshenga hajafungua mdomo.

"Baba, mimi ndiye niliyekufukuza sokoni. Nisamehe."

"Nilikutambua ulipoingia. Inuka, unachafua suruali."

Mshenga akakohoa. "Mzee, asili yenu wapi?"

Lyamba akakunjua ramani aliyoichapa kwenye kompyuta. Leonidas aliiangalia mpaka kidole chake kikatua kwenye kijito.

"Hapa tulinywesha ng'ombe. Odeta, njoo uone kwenu."

Odeta hakuweza kusogea. "Baba, siku ile nilikukana."

"Nilikuona. Ulivaa gauni jipya. Nikarudi nikamwambia mama yako, mtoto amependeza."