Sukari Stoo

Shoga yangu fundi cherehani si mwongo. Uongo unataka akili. Ana kisukari, na mkononi hubandika kidude kinachopima sukari mwilini na kuiliza simu yake ikiwa imeshuka, maana alishawahi kuzimia juu ya cherehani. Mchana mmoja aliingia stoo, giza tupu, kulivua gauni sanamu la dukani. Simu ikalia. Akabugia sukari ya mfukoni. Wapi! Namba za sukari kwenye simu zikazidi kushuka.

"Inalia kama kichanga!" mumewe akamtania kutoka dukani.

"Njoo uinyonyeshe!"

Akapapasa mkono wake: kidude hakipo. Akamulika. Kimenata kwenye mkono wa plastiki wa sanamu, na simu bado inalia. Sijui nini kilimtuma. Akalipaka sanamu sukari midomoni.

Simu ikanyamaza. Namba zikaanza kupanda.